Mashine ya joto ina miaka 14: nitengeneze au ning'oe?

Wale mnaokaa haya majimbo ya kusini huku Marekani, North Carolina, Georgia, Virginia, Tennessee, mtanielewa haraka. Nyumba nyingi za huku hazina tanuru la gesi kama za ndugu zetu wa Minnesota, zina pampu ya joto, lile sanduku la chuma lenye feni juu linalokaa uani na kunguruma mwaka mzima, na siku likianza kuzeeka ndo utaona watu walivyo na haraka na hela yako. La kwangu lipo Raleigh, tulilikuta kwenye nyumba tuliponunua, lebo ya ubavuni inasema limetengenezwa 2011, tani 3 (tani hapa siyo uzito, tani moja ni BTU 12,000 za joto kwa saa).

Ninachotaka kusema ni kwamba swali la "nitengeneze au ninunue mpya" watu wanaliuliza mapema mno. Wanaliuliza kabla hata haijajulikana kilichokufa ni nini, halafu anayewajibu ni yule yule anayeuza mpya. Kwangu mimi kwanza nijue nini kimekufa, pili ndani kuna gesi gani (ile inayozunguka kwenye mirija kama ya friji), tatu huyu anayeniambia anakula wapi. Umri wa mashine unakuja nyuma huko, tena mbali.

Kwa ambao hamjawahi kuishi nayo, pampu ya joto ni friji ambayo inaweza kugeuzwa. Wakati wa joto inatoa joto ndani inalitupa nje kama AC yoyote ya Dar, wakati wa baridi valvu inageuka na mzunguko unaenda kinyume, inakusanya joto lililopo nje inaliingiza ndani, maana hata hewa inayokufanya utetemeke bado ina joto ndani yake. Kwa sababu inahamisha joto tu, haiunguzi kitu, uniti moja ya umeme inaweza kukupa joto la uniti mbili mpaka tatu na zaidi, inategemea nje kukoje. Sasa ndani ya nyumba, kwenye lile kabati la feni, kunakuwa na waya za heta kama za jiko la umeme, hizo ni za msaada tu baridi ikizidi, na hizo uniti moja inakupa uniti moja basi. Za kwangu ni kilowati 10. Kwa umeme wa senti 13 hivi ni dola moja na senti 30 kila saa zinapowaka. Mtu ambaye haangalii thamostati yake ikiandika AUX, yaani heta za msaada zimewaka, anakuja kuelewa siku bili inaingia.

Disemba iliyopita, ile 2025, baridi ilishuka siku kadhaa mfululizo, usiku nyuzi 20 za Fahrenheit, yaani kama hasi 7 za kwetu. AUX ikawa haitoki kwenye kioo. Mama watoto akasema hii nyumba ina joto la kukopa, na kweli, hewa inatoka vuguvugu, nyumba haifiki 68. Nikatoka nje na tochi nikakuta sanduku lote limevaa barafu, siyo ule umande mweupe mwembamba ambao ni wa kawaida, barafu nene kabisa imeziba mapezi yote, feni juu inazunguka lakini hewa haina pa kupita.

Hapo kuna kitu inabidi ukijue. Ile koili ya nje wakati wa baridi inakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, kwa hiyo unyevu unaganda juu yake, lazima ugande. Mashine inajua hilo, ndani kuna bodi inahesabu muda, dakika 30, 60 au 90 kutegemea ilivyosetiwa, na kuna sensa kwenye mrija inayosema koili imeganda au haijaganda. Ikiganda, valvu inageuka kwa muda, feni ya nje inasimama, gesi ya moto inakimbizwa nje, barafu inayeyuka na mvuke unapanda kama kuna mtu anachemsha makande nyuma ya nyumba. Mgeni wetu mmoja kutoka Mwanza alipouona ule mvuke mara ya kwanza alitaka tupige 911. Sasa wa kwangu usiku ule haukuwepo kabisa.

Kampuni niliyoipigia ikaniletea kijana msafi, buti zimefunikwa na vile visoksi vya plastiki, ana tableti. Akaenda nje, hakukaa sana, akarudi akaketi mezani kwetu na maneno yakawa mengi. Gesi imeshuka. Kompresa inaelekea kufa. Mashine ina miaka 14, wastani wa hizi ni 10 mpaka 15, kwa hiyo "umeshafaidi". Gesi yake imepigwa marufuku na serikali. Halafu krediti ya kodi ya dola 2,000 inaisha tarehe 31 mwezi huu huu, kwa hiyo nikisaini leo wanawahi kufunga kabla ya mwaka mpya. Dola 13,000, au kama napenda, 172 tu kwa mwezi.

Dola 13,000 kwa kwetu ni zaidi ya milioni 30. Kuna kibanda changu Kibaha kimesimama kwenye msingi tangu sijui lini. Nikamwambia asante sana, acha karatasi, nitakupigia.

Sasa tuyachambue maneno yake moja moja, kwa sababu na wewe utaambiwa hayo hayo, na ubaya wake ni kwamba mengi yana ukweli nusu.

La gesi. Mashine yangu inatumia R-410A. Ni kweli kuanzia Januari 1, 2025 viwanda haviruhusiwi kutengeneza mashine mpya za nyumbani za gesi hiyo kwa soko la hapa. Na chanzo chake kitawafurahisha watu wa Afrika Mashariki, ni makubaliano yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, nyongeza ya Itifaki ya Montreal, ya kupunguza gesi hizi zinazopasha dunia. Bunge la hapa likapitisha sheria yake Disemba 2020, na Marekani ikaja kuridhia yenyewe ya Kigali 2022. R-410A inashika joto mara 2,088 ya kaboni dayoksaidi, kikomo kipya ni 700, ndo maana mashine mpya zinakuja na R-32 yenye 675 au R-454B yenye 466. Lakini kilichozuiwa ni kutengeneza mashine mpya. Yako iliyopo uani hakuna anayeikataza, gesi yake inaendelea kuuzwa kwa matengenezo, spea zake zinaendelea kutengenezwa, kinachofanyika ni viwanda kupunguziwa kiasi kidogo kidogo mpaka ifike 2036. Itapanda bei, hilo nakubali. Kupanda bei na kupigwa marufuku ni vitu viwili, na kijana alijua anachofanya alipovichanganya.

La kodi. Krediti ilikuwepo kweli, asilimia 30 mpaka dola 2,000, na kweli ilikuwa inakufa Disemba 31, 2025 kwa sheria iliyosainiwa Julai mwaka huo. Ila ilikuwa ni kwa mashine za daraja la juu kabisa la kubana umeme. Nikachukua ile karatasi yake nikatafuta namba, 14.3 SEER2 (kipimo cha jinsi mashine inavyobana umeme), ambayo ndo kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa kisheria. Mashine aliyoniandikia haikuwa na haki ya hiyo krediti hata senti! Ananiharakisha niwahi basi ambalo tiketi yake hajaniuzia. Na hata ingekuwa na haki, ile krediti inapunguza kodi unayodaiwa tu, kama kodi yako ya mwaka ni dola 900 unapata 900, hawakurudishii zinazobaki. Wangapi huku wenye watoto wanne na kazi mbili za saa wanadaiwa kodi ya serikali kuu dola 2,000 baada ya makato yote? Wachache.

La 172 kwa mwezi. Hiyo ni miaka 10 kwa riba ya karibu asilimia 10, jumla yake ni dola 20,600 na kitu. Imeandikwa kwa maandishi madogo ukurasa wa nyuma.

Likabaki la kompresa na gesi kushuka, ambalo mimi siwezi kubishana, siyo fundi. Lakini nina shemeji Temeke, kaka yake mama watoto, fundi friji na AC miaka mingi. Nikampigia video ya WhatsApp kwake asubuhi, nikamzungushia simu kuanzia barafu mpaka mirija.

"Shem, hiyo mashine sijawahi kuishika, sisi huku za kugeuka hivyo hatuzihitaji. Ila gesi haiishi kama petroli. Ikipungua kuna tundu, na penye tundu panakuwa na mafuta. Alikuonyesha mafuta?"

Hakunionyesha.

"Geji alifunga?"

Alifunga.

"Na barafu ipo vile vile?"

Ipo vile vile.

Akacheka, akaniambia shem, tafuta mtu mwingine.

Nikapata namba ya mzee mmoja kupitia mtu wa kanisani, Mmarekani, anafanya kazi peke yake na vani yake, hana tableti wala hauzi mashine. Jambo la kwanza alizima kila kitu akachukua mpira wa bustani akaanza kumwagia sanduku maji mpaka barafu yote ikatoka. Akaniambia koili ikiwa imeganda hakuna anayeweza kupima gesi, namba za geji zitasema uongo kwa sababu hewa haipiti. Kwa hiyo kile kipimo cha kijana hakikuwa kipimo.

Halafu akafungua kifuniko cha pembeni. Kapasita, lile kopo la fedha, ubavuni imeandikwa 45, mita ikasoma 37, imechoka, hiyo inabadilishwa. Akashika waya wa kompresa kwa ile mita ya kubana, akanionyesha kwenye lebo panapoandikwa RLA, yaani umeme ambao kompresa inatarajiwa kuvuta, kwangu ni ampea 16.7, mita inasoma 12 kasoro, akasema kompresa inayokufa haisomi hivi. Kisha akafuata waya mbili nyembamba mpaka kwenye klipu iliyobana mrija wa kopa, akazichomoa kwenye bodi na kuzipima, hakuna kitu, zimekatika ndani. Hiyo ndo sensa ya barafu. Mashine ilikuwa haijui kama imeganda, basi haikuwa inajiyeyusha. Akafunga nyingine, akagusisha pini mbili kwenye bodi kuilazimisha, valvu ikapiga lile pumzi lake refu, feni ikasimama, mvuke ukapanda. Mwisho ndo akafunga geji, akalinganisha na jedwali lililobandikwa ndani ya kifuniko, gesi ipo sawa.

Dola 385 kila kitu. Sensa yenyewe haifiki dola 30, zinazobaki ni kichwa chake na mafuta ya gari, na nilimlipa kwa moyo safi.

Sasa njooni kwenye hesabu, kwa sababu kuna kanuni inazunguka sana huku, utaikuta kila mahali: zidisha umri wa mashine na gharama ya kutengeneza, ikizidi 5,000 nunua mpya. Haya, 14 mara 385 ni 5,390. Kanuni inasema ning'oe. Yaani nitoe 13,000 kwa sababu ya klipu ya dola 30! Ile kanuni haiulizi nini kimekufa, na wala haijui kwamba bei ya mashine mpya imepanda wakati ile 5,000 imekaa pale pale, na nikiitazama vizuri naona inampendeza sana muuzaji kwa sababu mashine ikishazeeka hakuna tengenezo litakalopita, labda kubadilisha skrubu.

Mimi nafanya hivi. Mashine mpya ya 13,000 ikiishi miaka 15 inanigharimu karibu dola 870 kwa mwaka, bila riba. Kwa hiyo kila mwaka ninaousogeza ile ya zamani nimebakiza 870 mfukoni. Tengenezo la 385 linatakiwa linivushe nusu mwaka tu na limeshajilipa, likinivusha baridi mbili ni faida tupu. Tengenezo la 3,000 linatakiwa linivushe zaidi ya miaka mitatu, na kwenye mashine ya miaka 14 hiyo sibeti. Hapo sasa ndo umri unaingia, na unaingia kwa sababu ya ukubwa wa bili, wala siyo peke yake.

Najua kuna atakayesema ile mpya ingepunguza umeme. Ingepunguza, sikatai. Yangu ni ya wakati ambapo kiwango cha chini kilikuwa SEER 13, na ile 14.3 ya kipimo kipya ni kama 15 ya kipimo cha zamani. Ni tofauti ya asilimia 13 hivi. Kama kupoza na kupasha joto kunakula dola 1,200 kwa mwaka, naokoa 150 na kitu. Kwa 13,000? Zile za inveta, zinazopunguza na kuongeza mwendo zenyewe, zinaokoa zaidi na nyumba inatulia kwa kweli, nimekaa kwenye nyumba yenye moja na nikaitamani, lakini bei yake nayo inapanda ngazi. Kilichokuwa kinanimaliza mimi ni zile heta za kilowati 10 kuwaka usiku kucha, saa kumi ni dola 13, na hizo zimezimwa na klipu.

Na siyo kwamba nasema kila mtu atengeneze. Kuna dada mmoja Mkenya anayekaa mji wa Charlotte, tunafahamiana kwenye chama, yeye mashine yake ilikuwa ya 2007 na gesi R-22, koili ya ndani inavuja. R-22 haitengenezwi wala kuingizwa nchini tangu Januari 1, 2020, iliyopo ni ya akiba na ile inayokamuliwa kwenye mashine zilizokufa ikasafishwa, bei yake inauma, na kujaza gesi kwenye koili inayovuja ni kuilipia hewa. Alikuwa amejaziwa majira mawili mfululizo na kila fundi akija anajaza anaondoka. Nilimwambia dada ng'oa, tena bila kujiuliza. Angekuwa na R-410A ya umri wangu na koili ya ndani inavuja ningemwambia hivyo hivyo, maana koili na kazi yake ni maelfu, na baada ya hapo bado unabaki na kompresa ya mwaka 2011. Kompresa ikiungua pia ni kwaheri, isipokuwa kama waranti bado ipo.

Kuhusu waranti, angalieni hii kwa makini wale mnaonunua sasa. Nyingi ni miaka 10 ya spea, lakini mpaka uisajili ndani ya siku 60 au 90 kutegemea kampuni, usipoisajili inashuka miaka 5. Kazi ya fundi haimo. Na nyumba ukiiuza au ukiinunua, mwenye nyumba wa pili mara nyingi hapati waranti nzima. Watu wanafungiwa mashine ya mamilioni halafu kile kikaratasi kinakaa kwenye droo ya jikoni na betri zilizokufa.

Kingine, msidanganywe kubadilisha sanduku la nje tu "ili kupunguza gharama" na kubakiza koili ya zamani ya ndani. Gesi mpya zinashika moto kidogo, mashine zake zinapangwa nje na ndani pamoja, na nyingi zinakuja na sensa ya kunusa gesi ikivuja. Ni zote au hakuna.

Ya kwangu najua siku zake zinahesabika. Kwa hiyo ile 172 ya mwezi ambayo kijana alitaka niipeleke benki ya kwao naiweka kwenye akaunti pembeni, na mashine ikifa inikute nina nguvu ya kuongea. Nitanunua mwezi wa nne au wa kumi, wakati hakuna joto wala baridi na mafundi wanatafuta kazi, maana ukinunua mashine watoto wakiwa wamevaa makoti sebuleni huna uwezo wa kukataa bei. Kotesheni tatu, na kila atakayekuja lazima apige hesabu ya Manual J, yaani apime madirisha, dari, insulesheni, ndo aseme tani ngapi. Atakayesoma lebo ya zamani akaandika "tani 3" hapo hapo namsindikiza mlangoni, kwa sababu tangu 2011 dari imeongezewa insulesheni na madirisha ya upande wa magharibi ni mapya, huenda nahitaji mbili na nusu. Mashine kubwa kuliko nyumba inawaka na kuzima kila saa, inachoka mapema, na wakati wa joto haikai muda wa kutosha kukausha unyevu, unalala kwenye ubaridi wenye jasho. Na kabla ya yote hayo nataka mtu aingie kule darini aangalie dakti, yale mabomba ya kupitishia hewa, kuna kiungo kimoja nimekiona kimefungwa kwa ile gundi ya utepe ya kijivu na kimeshaachia, napasha joto panya.

Shemeji naye ameshaweka oda. Anauliza siku ile ya zamani ikitoka, mwenye kontena ananitoza kiasi gani kumpelekea kompresa na kopa yake, maana eti Temeke hiyo bado ni mashine.